Hajiri kwenye skrini: namna ya kuisoma theolojia ya weusi wa Marekani katika filamu

Filamu za Marekani zenye kanisa la watu weusi ndani yake hazina idadi. Kuna kwaya inayoyumba, mama mwenye kofia pana, mchungaji anayejifuta jasho kwa leso. Mambo hayo peke yake hayaifanyi filamu kuwa na chochote cha kusema kuhusu theolojia ya ukombozi, na hapo ndipo watazamaji wengi wanapopotea. Wanatafuta Mungu ametajwa wapi, wanahesabu sala na nyimbo, kisha wanatoa hukumu. Theolojia ya ukombozi wa watu weusi, na theolojia ya kiwomanisti, ile ya wanawake weusi, iliyozaliwa ndani yake ikambishia mzazi wake, zinauliza mengine kabisa. Nani anaumia hapa? Nani anafaidika na maumivu yake? Filamu inatutaka tuamini kwamba maumivu hayo yanaokoa mtu? Na kamera imesimama upande wa nani?

Swali la maumivu yanayookoa ndilo lenye moto. Wanaume walioanzisha theolojia hii na wanawake waliowafuata hawajawahi kulikubaliana, na filamu inaweza kuuonyesha ubishi huo waziwazi kuliko hotuba, kwa sababu mwongozaji hana budi kuamua: mwili uliopigwa uonekane au usionekane, na kwa muda gani.

Cone na Mungu mweusi

Mwanzo wake hasa ni makanisa. Tarehe 31 Julai 1966, kundi la wachungaji weusi lilinunua nafasi katika gazeti la New York Times na kutoa tamko la kuunga mkono dai la nguvu ya watu weusi (Black Power), wakati Wakristo wengi wazungu waliliona dai hilo kuwa ni chuki tupu. Miaka mitatu baadaye James Cone, kijana wa Arkansas aliyelelewa katika AME, kanisa la Kimethodisti la weusi, alitoa kitabu chake cha kwanza. Alikiandika mwaka 1968, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa tarehe 4 Aprili. Hoja yake ilikuwa kali: kama Injili ni habari njema kwa maskini na wafungwa, basi kanisa la Marekani lililokaa kimya mbele ya ubaguzi halikuwa limekosea siasa tu, lilikuwa limeikana Injili yenyewe.

Cone aliposema Mungu ni mweusi hakuwa anabishania rangi ya ngozi ya mbinguni. Alimaanisha kwamba Mungu wa Biblia amejitambulisha na walio chini, na kwamba Marekani, walio chini wana jina linalojulikana. Mwaka 1970 alitaja vyanzo sita vya theolojia yake: uzoefu wa weusi, historia yao, utamaduni wao, ufunuo, Maandiko na mapokeo. Angalia mpangilio huo. Utamaduni, yaani nyimbo, hadithi, mahubiri na sanaa, umekaa kwenye meza moja na Maandiko. Kwa msingi huo, mtu anayesoma filamu kitheolojia hachezi pembeni ya somo. Yuko ndani yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua vizuri sura inayobishaniwa. Ni ile picha ya Yesu mwenye nywele ndefu za kahawia, aliyoichora Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940, ambayo nakala zake zimening'inia sebuleni na sakristia kwa miaka. Katika filamu ya Malcolm X ya mwaka 1992, Malcolm akiwa gerezani anamuuliza kasisi mzungu swali jepesi mbele ya wafungwa wenzake: Yesu alikuwa na rangi gani? Kasisi anababaika. Malcolm si mwanatheolojia wa Kikristo, na wala filamu haimfanyi hivyo. Ni Mwislamu wa Nation of Islam, kundi la Waislamu weusi wa Marekani. Lakini Cone alijenga kazi yake kwa kushika mkono huu King na mkono huu Malcolm, na tukio hilo fupi linaonyesha kwa nini alimhitaji huyu wa pili.

Si kila Mwafrika aliyefurahia. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1974 kwamba theolojia ya weusi wa Marekani imetoka katika uchungu wa Marekani, na Mwafrika asilazimishwe kuivaa. Desmond Tutu akamjibu mwaka uliofuata kwamba hawa ni ndugu, si mahasimu. Ubishi huo ulikuwa na makao hapa kwetu pia: chama cha kiekumene cha wanatheolojia wa Dunia ya Tatu kilianzishwa Dar es Salaam mwezi Agosti 1976. Mbiti alikuwa na hoja, na itafaa kuikumbuka kila filamu ya Alabama inapochukuliwa kana kwamba inasimulia ya Kitui.

Wanawake wanauliza: sisi tuko wapi?

Vitabu vya kwanza vya Cone vilimzungumzia mtu mweusi kana kwamba ni mwanamume daima. Mwenyewe alilikiri hilo katika utangulizi mpya wa mwaka 1989. Kufikia hapo wanafunzi wake na wenzao walikuwa wameshaanza kujenga pao. Walichukua jina lao kwa mwandishi Alice Walker, ambaye mwaka 1983 alieleza womanisti ni nani: mwanamke mweusi mwenye ujasiri wa mtu mzima, anayejali uhai wa watu wote, wanaume kwa wanawake, anayependa muziki, ngoma, chakula na mapambano, na anayejipenda hata iweje. Hiyo ya mwisho ishike. Itarudi.

Katie Cannon alionyesha mwaka 1988 kwamba maadili ya wanawake weusi hayawezi kujifunzwa kwenye vitabu vya maadili vya wazungu, maana vitabu hivyo vinamfikiria mtu aliye huru kuchagua. Aliyezaliwa bila uchaguzi ana maadili ya namna nyingine: heshima isiyoonekana, neema tulivu, ushujaa usiopigiwa kelele. Cannon aliyatafuta katika hadithi za mwandishi mweusi Zora Neale Hurston, na njia yake ndiyo inayotumiwa leo kusoma filamu. Jacquelyn Grant, mwaka 1989, alieleza kwamba mwanamke mweusi hubanwa pande tatu kwa pamoja, rangi, jinsia na umaskini, na kwamba harakati za wanawake wazungu zilikuwa zikiona upande mmoja tu.

Aliyetikisa jengo lote ni Delores Williams, mwaka 1993. Theolojia ya Cone ilisimama juu ya kitabu cha Kutoka: Mungu anasikia kilio, anamwita Musa, bahari inafunguka. Williams akasema kuna mtumwa mwingine ndani ya Biblia ambaye bahari haikumfungukia. Ni Hajiri, mjakazi Mmisri wa Sarai. Katika Mwanzo 16 anatumiwa kumzalia bibi yake mtoto, anateswa, anatoroka akiwa mjamzito, na malaika anamwambia arudi kwa huyohuyo bibi. Katika Mwanzo 21 anafukuzwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yanakwisha, anamlaza mtoto chini ya kichaka, anakaa mbali asimwone akifa. Mungu hamfungulii minyororo. Anamfumbua macho, naye anakiona kisima.

Kwa Williams hii ni mila ya pili ya Biblia, mila ya kuokoka na uhai na kuishi maisha yenye ubora, na ndiyo wanawake weusi wa Marekani waliyoishi nayo zaidi. Musa alikuwa na jeshi la mbinguni nyuma yake. Hajiri alikuwa na mtoto mgongoni. Msomaji Mwislamu ana faida hapa, maana kukimbia kwa Bibi Hajar mara saba kati ya Safa na Marwa ni sehemu ya Hija, na Zamzam ni kisima chake. Mkristo wa kawaida hupita kwenye sura hizo mbili haraka akielekea kwa Isaka.

Kutoka kwa Hajiri, Williams alipata wazo la kuwekwa mahali pa mwingine. Wakati wa utumwa mwanamke mweusi alilazimishwa kunyonyesha mtoto wa bibi yake, kufanya kazi ya shamba ya mwanamume, kulala mahali pa mke wa bwana. Baada ya utumwa aliendelea, safari hii kwa kile kilichoitwa hiari. Kisha Williams akauliza swali ambalo makanisa mengi hayajamsamehe: kama tunahubiri kwamba Yesu aliokoa watu kwa kufa mahali pao, je, hatuwafundishi wanawake hawa kwamba kubebeshwa mzigo wa wengine ni utakatifu? Jibu lake ni kwamba Yesu aliokoa kwa jinsi alivyoishi, kwa kuponya, kulisha, kufundisha na kutoa pepo. Damu ya msalabani ilikuwa kazi ya wauaji. Aliposema mambo ya namna hiyo kwenye mkutano wa Minneapolis mwezi Novemba 1993, makanisa kadhaa yaliwaka moto.

Cone hakukaa kimya. Mwaka 2011 aliandika kuhusu msalaba na mti wa kunyongea. Kati ya mwisho wa karne ya 19 na katikati ya karne ya 20, zaidi ya watu weusi 4,000 waliuawa na umati katika majimbo ya Kusini, wengine mbele ya halaiki iliyokuja na watoto wake. (Tusichanganye na mwizi anayekimbizwa sokoni kwetu. Haya yalikuwa mauaji ya kutisha jamii nzima ijue mahali pake, mara nyingi polisi wakitazama.) Cone alishangaa kwamba wanatheolojia wakubwa wa Marekani waliandika maelfu ya kurasa juu ya msalaba bila kuuona mti huo. Alimtaja Williams, akakubali hatari aliyoionyesha, lakini akashikilia kwamba weusi waliuimba msalaba kwa sababu uliwaambia Mungu yuko na aliyetundikwa, si na aliyetundika.

Sasa tuingie sinema.

Mhubiri aliyejua anachouza

Filamu ya zamani kuliko zote za somo hili ni Within Our Gates ya Oscar Micheaux, ya mwaka 1920, filamu bubu. Ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana Hispania miaka ya 1970. Bodi ya udhibiti ya Chicago iliikataa kwanza, ghasia za rangi za mwaka 1919 zikiwa bado hazijapoa. Ndani yake kuna mhubiri mzee, Ned. Anawahubiria weusi wenzake kwamba wazungu wana mali na elimu lakini wataangamia, wakati wao wasio na kitu mbingu ni yao. Anakwenda kwa wazungu, wanamcheka, mmoja anampiga teke la makalio, naye anacheka pamoja nao. Anatoka, anafunga mlango. Tabasamu linaanguka. Maandishi ya skrini yanatuambia anachokiwaza: ameuza tena haki yake ya mzaliwa wa kwanza, kama Esau na dengu zake.

Sekunde hizo za mlango uliofungwa ni hoja ya Cone miaka 49 kabla ya Cone. Angalia Micheaux anachokifanya: hamdhihaki Ned kwa kuwa mjinga. Ned anajua. Kosa la watazamaji wengi ni kuona hapa filamu inayopinga dini, wakati Ned anajihukumu kwa Maandiko yaleyale anayoyapotosha.

Damu usoni mwa Martha

Mwaka 1941 Spencer Williams (hana undugu na Delores, majina yamegongana) alitengeneza The Blood of Jesus kwa fedha kidogo sana, kwa ajili ya majumba ya sinema ya weusi na kumbi za makanisa. Martha anabatizwa mtoni. Mumewe Ras hakuhudhuria, alikuwa mawindoni. Bunduki yake inaanguka, inafyatuka, inampiga Martha. Roho yake inasafiri, Shetani anamtega kwa nguo nzuri na muziki wa mjini, na mwishowe anafika njia panda, kibao kimoja kikielekeza Sayuni na kingine jehanamu. Kibao kinageuka kuwa msalaba, na damu inamdondokea usoni. Anaamka akiwa mzima.

Msome Martha kwa macho ya Delores Williams. Uzembe ni wa mume, risasi ni ya mume, lakini anayekufa, anayejaribiwa na anayelowa damu ni mke. Ras anaokoka kwa gharama ya mwili wa Martha. Ni ubadala mtupu, yaani kule kuwekwa mahali pa mwingine, tena umepambwa kwa nyimbo nzuri.

Hata hivyo si haki kuishia hapo. Watu walioitazama mwaka ule walikuwa wakiishi mahali ambapo damu ya mweusi haikuwa na thamani mahakamani. Kuiona damu ya Mungu ikidondoka juu ya uso wa mwanamke mweusi, uso uliojaa skrini nzima, lilikuwa jambo ambalo sinema ya Hollywood ya wakati huo isingewapa. Hapo Cone ana pointi zake. Nionavyo mimi, tukio hilo linawapa wote wawili haki yao, na ndiyo sababu linafaa kufundishia kuliko filamu nyingi za hadhi.

Patsey na kipande cha sabuni

12 Years a Slave ya Steve McQueen, ya mwaka 2013, inajulikana zaidi kwetu kwa ajili ya Lupita Nyong'o, Mkenya aliyepata Oscar kwa kumwigiza mtumwa Patsey. Wengi huizungumzia kama hadithi ya Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa mwaka 1841 na kurudishwa kwake mwaka 1853. Ukiitazama kwa jicho la Kutoka, ni hivyo: mmoja anatoka Misri. Bwana Epps anawasomea watumwa Luka 12:47, mtumwa asiyetenda mapenzi ya bwana wake atapigwa sana, na anaongeza lake ili wasikose kuelewa. Akifa mzee shambani, watumwa wanaimba wimbo wa Yordani kaburini, na Solomon, ambaye muda wote amejitenga, taratibu anaanza kuimba. Uso wake unabadilika. Amekuwa mmoja wao.

Lakini mweke Patsey katikati, na sura ya Mwanzo 16 inajitokeza yenyewe. Bwana anamtumia kwa nguvu. Mke wa bwana, badala ya kumkasirikia mume, anamtesa mtumwa. Anamrushia chupa nzito ya kioo usoni mbele za watu. Sarai na Hajiri, Louisiana. Kuna pia Bi Shaw, mwanamke mweusi aliyepanda kutoka kitandani kwa bwana hadi kwenye kiti cha varanda, anayemwambia Patsey kwamba mapigo ya Farao yatakuwa mfano mdogo tu wa yanayowasubiri wenye mashamba. Anasema hivyo akinywa chai. Huo ni mjadala mzima wa maadili aliouandika Cannon: mtu asiye na uchaguzi mzuri amechagua nini, na nani wa kumhukumu?

Kisha sabuni. Patsey anakwenda kwa Bi Shaw kuomba kipande cha sabuni kwa sababu mke wa Epps amemnyima, na harufu ya mwili wake mwenyewe inamtia kichefuchefu. Anachuma ratili 500 za pamba kwa siku, kuliko mwanamume yeyote, na anachotaka ni kuwa safi. Kwa hilo anafungwa kwenye nguzo na kupigwa, na Solomon analazimishwa kushika mjeledi. Wahakiki wengi huganda kwenye mjeledi. Theolojia ya kiwomanisti inaganda kwenye sabuni. Ile ndiyo ibada ya filamu hii: mwanamke anayeupenda mwili wake hata iweje, katika nyumba ambayo kila mtu ameutangaza kuwa mali.

Na mwisho? Solomon anapanda gari la farasi, anakwenda zake. Nyuma, katika sehemu ya picha isiyoonekana vizuri, Patsey anaanguka. Steringi ameokolewa, Hajiri amebaki jangwani. Anayezungumzia filamu hii kama hadithi ya ukombozi bila kuitaja ile picha ya nyuma ameisoma nusu.

Mama anaamua nini kionekane

Emmett Till, mvulana mweusi wa Chicago, alikuwa na miaka 14 alipouawa na wazungu Mississippi tarehe 28 Agosti 1955. Mama yake, Mamie, aliamuru jeneza libaki wazi kanisani Chicago, na gazeti la Jet likachapisha picha. Cone aliona hapo msalaba na mti vikikutana. Filamu ya Till ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Chinonye Chukwu, inatumia njia nyingine ya kumheshimu. Kipigo hakionekani, tunakaa nje ya banda, tunasikia kwa mbali. Mwili unaonekana pale tu mama anapoufikia mochwari, na anapotaka dunia iuone. Mahakamani kamera inakaa usoni pake kwa dakika kadhaa bila kukatwa, sauti za mawakili zikitoka pembeni.

Tofauti iko hapo. Mamie hakumtoa mwanawe kafara, alinyang'anywa. Filamu ikikuonyesha mauaji kisha ikakuambia yalizaa harakati, imeshakufundisha kwamba kifo kile kilikuwa na faida. Filamu ya Chukwu inakataa kukufikisha huko. Kilicholeta mabadiliko ni uamuzi wa mama, yaani tendo la mtu aliye hai. Ni msimamo wa Williams umegeuzwa kuwa kanuni ya kuweka kamera.

Hirizi juu ya Biblia

Filamu ya kiwomanisti kupita zote, kwa maoni ya wengi na yangu pia, ni Daughters of the Dust ya Julie Dash, ya mwaka 1991, ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kusambazwa kwenye majumba ya sinema nchini kote. Ni mwaka 1902, visiwa vya Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani ya kusini-mashariki ya Marekani. Familia ya Peazant inakula chakula cha mwisho ufukweni kabla ya wengi wao kuhamia Kaskazini. Bibi mkuu, Nana, anashika mizimu. Viola amerudi mlokole. Bilal, mzee Mwislamu, anasali alfajiri akielekea mashariki. Visiwa hivyo kweli vilikuwa na Waislamu, na Bilali wa kisiwa cha Sapelo aliacha maandishi ya Kiarabu.

Yellow Mary amerudi pia, naye jamaa wanamtazama kwa jicho baya. Anasimulia jinsi alivyopelekwa Cuba kunyonyesha mtoto wa tajiri baada ya wake kufa. Alipotaka kurudi nyumbani wakamkatalia, basi akayafunga matiti maziwa yakome. Ndipo wakamwachia. Williams aliandika sura nzima juu ya kuwekwa mahali pa mwingine, kunyonyesha kukiwemo. Dash alikuwa amelimaliza kwa sentensi chache miaka miwili kabla. Jamaa wanapozidi kumsema Yellow Mary, ni Eula, mjamzito baada ya kubakwa na mzungu asiyemtaja ili mumewe asije akauawa, anayewaambia wanawake kwamba wakijipenda wenyewe basi wampende na huyu, maana ni sehemu yao.

Mwishoni Nana anafunga hirizi yake, yenye nywele za mama yake aliyeuzwa, juu ya Biblia ya Viola, na kila mmoja anapita kubusu. Viola anatetemeka. Mwingine anakataa kabisa na kuondoka, na jina lake ni Haagar. Dash hakulichagua bure: huyu Hajiri hafukuzwi, anajifukuza, na binti yake anakataa kumfuata.

Linganisha na The Color Purple ya mwaka 1985. Katika riwaya ya Alice Walker, Celie, mhusika mkuu, anaacha kumwandikia Mungu barua baada ya kugundua amekuwa akimwandikia mzee wa kizungu, na Shug, mwimbaji, anamfundisha Mungu aliye ndani ya kila kitu. Filamu inaubakiza mstari wa rangi ya zambarau shambani, lakini inamwongezea Shug baba mchungaji asiyekuwemo kitabuni, na kumfikisha kanisani akiimba ili baba amkumbatie. Ni tukio tamu, na machozi hutoka. Limegeuza uhuru kuwa msamaha wa baba.

Sinners ya Ryan Coogler, ya mwaka 2025, imeurudisha ugomvi huu kwa vijana. Mississippi 1932, kijana mpiga gitaa, baba mchungaji anayemtaka aliache gitaa. Cone alisema zamani kwamba bluzi na nyimbo za kiroho ni maji ya mto mmoja. Kijana anaposali Baba Yetu kumfukuza mnyonya damu, mnyonya damu anaisali pamoja naye, neno kwa neno, maana naye kwao aliletewa na waliomnyang'anya ardhi baba yake. Anayejua hatari ni Annie, mganga wa mizizi, aliyemtengenezea mumewe hirizi. Wahubiri waliolalamika kwamba filamu inatukuza uchawi wangemwangalia Nana Peazant kwanza.

Ukitaka kuongoza mjadala

Usianze na filamu. Soma kwa sauti Mwanzo 16 na Mwanzo 21:8–21. Haichukui dakika 10, na kwenye kundi la Wakristo na Waislamu inafungua midomo haraka. Filamu moja kwa kikao inatosha: Daughters of the Dust peke yake ni dakika 112, na lugha ya Kigullah inasumbua hata Wamarekani, kwa hiyo washa maandishi ya chini. Kama muda ni mfupi, tumia tukio la Ned na lile la njia panda ya Martha.

Onyesha tukio mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti. Mara ya pili zima sauti na waulize watu waliomo kwenye picha ni nani, nani amekatwa nje, nani yuko nyuma bila kuonekana vizuri. Muziki huficha mengi, hasa wa injili. Ukiuzima, ile faraja ya haraka hupotea na watu huona mwili.

Usionyeshe kipigo cha Patsey kwa watu ambao hujawaonya, na usikionyeshe bila tukio la sabuni kabla yake, maana bila sabuni kinabaki tamasha la mateso. Mjadala ukianza kumsifu mama mweusi kwa uvumilivu wake, simamisha. Uliza nani alimwekea hilo la kuvumilia, na lini katika filamu alipewa nafasi ya kupumzika. Akitajwa mzungu mwema aliyesaidia, kama yule seremala wa 12 Years a Slave, asikataliwe, ila muulize mtoa hoja Patsey alisaidiwa na nani.